Maji Aliyoogea Mkamwana

Mtaa wa Mabwawani,
15 Septemba 2024

Shangazi yangu Tusajigwe,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, mgongo unauma, lakini mkono bado unaweza kushika kalamu. Huku sote ni wazima. Mke wangu Kisa anakusalimu sana. Mtoto Atupele ameota meno ya chini na anamng'ata kila anayempa kidole, hata mchungaji hakupona. Kikohozi changu cha vumbi kimepungua tangu niache kuchimba mitaro. Nanyi je, mpunga mmeuingiza ndani wote? Kokoa inakauka au mvua za ziwani zinawasumbua? Masikio yako najua hayatarudi tangu ile homa, na simu haikufai kitu, ndiyo maana nimeamua kukuandikia barua kama mtu. Ambrose wa Mbugani analeta mchele huku kwa lori, amekubali kutubebea.

Sasa habari ya kazi. Unajua huku katikati ya nchi mvua ni ya kuombea. Mji umekua kuliko visima vyake, na bomba lilikuwa likikohoa hewa wiki nzima. Basi wakubwa wa mji wameamua jambo ambalo ukilisema Mwaya watakucheka mpaka kesho. Maji yanayotoka bafuni, jikoni na, unisamehe Shangazi, chooni, yanakusanywa, yanasafishwa, yanarudishwa bombani tunywe. Mtaa wetu ndio wa kwanza kuyapata. Mimi nimepata kibarua kwenye mtambo wenyewe. Naosha machujio na kuzoa tope. Jioni nikirudi, Kisa ananinusa mlangoni kwanza ndipo anasema karibu.

Lakini sikushika kalamu kwa ajili ya tope. Ambrose ameniambia Tata ametumbukia kwenye mfereji wa shamba akidhani ni njia. Mimi sikujua macho yamefika huko. Ambrose anasema daktari wa wilaya ameona kuna kitu zaidi ya mtoto wa jicho, lazima aonwe na bingwa. Shangazi, bingwa tunaye huku, hospitali iko karibu na kwangu, na Kisa yupo wa kupika. Mwambie Tata, kaka yako, aje. Akichelewa, atabaki gizani.

Najua utauliza, Kisa na Tata wataishije ua mmoja? Mimi ni Mnyakyusa, sijasahau. Mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawasemezani, hawapishani njiani. Ukutila ni ukutila. Nimepanga yote. Tata atalala chumba chenye mlango wa barabarani, Kisa atatumia mlango wa uani, na katikati kuna pazia zito. Hata bafu nimeanza kujenga la pili kwa mabati, kila mmoja aoge kwake. Hapo umenipata kosa?

Msomee Tata barua hii yote, usiruke neno.

Mwanao,
Lugano

*

Mwaya,
20 Oktoba 2024

Lugano mwanangu,

Ugonile. Tumeipata barua yako, imefika na harufu ya mchele. Sisi wazima. Mpunga uko ndani, panya wanaujua kuliko sisi. Kokoa imekauka vizuri mwaka huu. Anyosisye wa ng'ambo ya mto amefiwa na mama yake, tumemzika kwa heshima, watu walijaa. Mbuzi wako uliyemwacha amezaa mapacha, mmoja ni mkorofi, tumempa jina lako.

Barua niliisoma yote kama ulivyoagiza. Unajua nikisoma sijisikii, hivyo napiga kelele. Walioisikia ni baba yako, waliokuwa mtoni wakifua, na wavuvi wa usipa waliokuwa wakipita. Sasa Mwaya yote inajua unanuswa mlangoni.

Baba yako alifurahi. Nilipofika kwenye pazia na milango miwili alitikisa kichwa akacheka kidogo, nikaona midomo yake inasema, "Huyu mtoto amelelewa." Nikajua tayari, tufunge mizigo. Halafu akaniashiria nirudie pale pa maji. Nikarudia. Akaniashiria tena. Nikarudia mara ya tatu, hapo na wale wa mtoni wakawa wameinuka kusikiliza. Kisha akanijia sikioni akapiga kelele, "Sitakwenda."

Nikamwuliza kwa nini. Anataka tu nikuulize mambo mawili. Maji ya lile bafu la Kisa, yakishatoka, yanakwenda wapi? Na yakishasafishwa, yanarudi kwa nani?

Mimi nimeshaelewa anachofikiri. Lakini si neno la kumwandikia mtoto wa kaka yangu, nitaona haya hata mbele ya karatasi. Wewe ni mtu mzima, una mke. Kaa ufikiri mwenyewe kabla ya kujibu. Nakuomba, ufikiri kwanza.

Macho yamezidi. Juzi alimsalimia mbuzi akidhani ni katekista. Tumecheka, naye amecheka, lakini baadaye nilimwona amekaa peke yake anapitisha kiganja mbele ya uso wake, kinakwenda kinarudi.

Shangazi yako,
Tusajigwe

*

Mtaa wa Mabwawani,
24 Novemba 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Poleni na msiba wa kina Anyosisye. Mwambie Tata na mimi jana nilimsalimia mtu nikidhani ni msimamizi wangu, kumbe ni mlinzi wa benki, hivyo asijione peke yake. Kisa mzima. Atupele anatambaa kinyumenyume.

Nimefikiri kama ulivyosema, na nimemwelewa Tata. Anaogopa uchafu. Simlaumu, huku kila mtu alianza hivyo hivyo. Jirani yetu Neema anayekaanga vitumbua alikuwa akiniona napita ananiita mbele za watu, "Lugano, leo tunakunywa ya nani? Ya diwani au ya kwako?" Watu wanaanguka kwa kicheko. Mwezi ule wa mwanzo wanawake walikuwa wanakinga maji yetu kwa ajili ya kudekia tu, halafu wanakwenda na ndoo kugombania kisima cha kanisa. Siku ya uzinduzi injinia alikunywa glasi moja mbele ya watu, wakasema huyo analipwa kunywa. Wakanisukuma mimi kwa kuwa ndiye wanayemjua. Nikanywa vikombe viwili nikapiga na kwikwi. Neema akasema, "Tungoje mpaka kesho tuone kama atakuja kununua kitumbua." Nilikwenda asubuhi. Siku hizi anakandia unga kwa maji hayo hayo, ila kila siku ananiuliza, "Lugano, niambie kweli." Namwambia kweli.

Basi umjibu Tata hivi. Maji yakitoka bafuni yanapita kwenye bomba kubwa chini ya barabara mpaka mabwawani. Yanatulia, tope linazama, nalizoa mimi. Yanapita kwenye mchanga, yanapita kwenye utando mwembamba ambao hata kidudu cha kuharisha hakipenyi, yanapigwa mwanga mkali wa kuua vilivyobaki, yanapimwa, yanachanganywa na ya visima, yanarudi kwa kila nyumba. Hayachagui. Ya diwani, ya Neema, ya bafu letu sisi wenyewe, Kisa anaoga leo na kesho kutwa yanarudi masafi kuliko yalivyokuja.

Ili aamini, nimemjazia chupa kutoka bombani kwangu. Kisa ameiosha chupa mwenyewe na kuifunga kitambaa. Ambrose anayo. Mwambie Tata aonje zawadi ya mwanawe. Akishaonja atajua hana cha kuogopa, apande lori.

Mwanao,
Lugano

*

Mwaya,
12 Januari 2025

Lugano,

Sikukusalimu kwanza kwa kuwa nina hasira, ngoja zishuke.

Haya, ugonile. Sikukuu ya kuzaliwa kwa Bwana tumeimaliza salama. Barua yako ilichelewa, daraja lilifunikwa na maji na lori la Ambrose likalala ng'ambo mpaka mto uliposhuka. Huku maji yapo hadi jikoni, kuku wanapanda kitandani. Unaweza kucheka, mvua inatufukuza nyumbani wakati ninyi mnafua maji ili mnywe.

Sasa sikiliza. Nilikuomba ufikiri, ukafikiri kwa tumbo.

Ambrose alikabidhi chupa kwa mikono miwili, amesimama kabisa kama anatoa sadaka. Baba yako akaipokea, akaipapasa, akaipenda. Akasema maji yanatoka nchi kavu lazima ni mazito. Akafungua kitambaa. Akaniambia nisome kwanza barua ili anywe akiwa anasikia maneno yako. Nikasoma. Nilipofika pale Kisa anaoga leo na kesho kutwa yanarudi, chupa ilikuwa imeshagusa mdomo.

Lugano, baba yako aliishusha ile chupa polepole kama mtu aliyeshika mtoto wa mwenzake. Akaiweka chini. Akainuka, akatoka bila fimbo, na mvua ile. Ambrose akaniuliza kwa mikono, "Yananuka?" Nikamwambia, "Hapana, baba. Yameogewa na mkamwana."

Sasa nimeliandika, na haya nimeziona. Umemletea baba yako anywe maji aliyoogea mke wako. Umejenga mabafu mawili ya mabati ili wasikutane, kisha ukawakutanisha ndani ya kikombe. Baba yako haogopi kinyesi, amefuga ng'ombe maisha yake yote.

Usidhani sikumtetea. Jioni nilimkabili. Nilimwambia, "Kaka, Kisa alipokuwa hapa alioga wapi? Mtoni. Mto unaingia wapi? Ziwani. Nawe umechota ziwani miaka yote ile, mbona hukufa?" Akanijia sikioni, na safari hii hakupiga kelele, nilimsikia kwa pumzi tu. Alisema, "Nilijua. Na yeye alijua. Lakini hakuna aliyesema. Heshima ni kutokujua, dada. Sasa mwanangu ameniandikia."



Wewe ulikuwa na safari zako za vibarua, huyajui yote. Kisa alipokuwa hapa na mimba, kila siku ya soko baba yako aliacha mkungu wa ndizi au samaki mbasa aliyekaushwa pale njia panda, anakohoa mara moja, anaondoka. Kisa anachukua. Kisa naye alikuwa anafagia ile njia kabla jua halijapanda ili mkwe wake asikanyage umande na majani. Baba yako alijua, lakini hawajawahi kusemezana hata neno. Wapo waliozaliwa tumbo moja hawajapendana hivyo. Hicho ndicho anachokilinda, na wewe unadhani analinda tumbo lake.

Jicho la kushoto limefunga. La kulia anaona mwanga wa mlango tu. Ameungua mkono kwa uji.

Mimi naona njia moja. Andika barua fupi, sema mtaa wenu umerudishiwa maji ya kisima. Nitaisoma kwa kelele, wa mtoni wasikie, mambo yaishe, aje atibiwe.

Shangazi yako

*

Mtaa wa Mabwawani,
2 Februari 2025

Shangazi yangu,

Shikamoo, na tena shikamoo, na unisamehe. Poleni na mafuriko. Ambrose ameniambia maji yameshatoka jikoni na kuku wameshuka. Huku mvua zimeanza, Mungu ametukumbuka kidogo. Atupele amesimama akishika ukuta.

Barua yako niliisoma kazini nikiwa na mabuti ya tope. Nilikaa chini. Mwenzangu Ezra akaniuliza nani amefariki. Nikamwambia, mimi. Akacheka, ye si wa kwetu, ukimweleza habari ya mkwe anasema kwao mkwe anakuja kuangalia mpira.

Shangazi, ile barua ya kisima sitaiandika. Si kwamba nina kiburi. Neema ananiuliza kila asubuhi "niambie kweli", na mtaa huu umekubali kunywa kwa sababu kuna mtu anayenuka tope jioni na kuwajibu kweli asubuhi. Siku bomba la kuchuja lilipopasuka niliwaambia msinywe leo, hawakunywa. Nilipowaambia nyweni, wakanywa. Nikianza kudanganya na kwa Tata, mdomo huu utakuwa wa kazi gani? Halafu akigundua? Atabaki gizani akiwa hana hata mwana.

Nikampa Kisa barua yako asome mwenyewe, sikuweza kumweleza kwa kinywa. Alisoma amenipa mgongo. Kwanza mabega yakatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, "maji ya chupa, maji ya chupa", anajipiga paja. Halafu alipofika kwenye njia panda na ndizi, ndipo akalia. Akasema, "Kumbe alikuwa anajua nafagia."

Kisha akaniambia, "Mume wangu, wewe unajua mabomba. Mimi najua mabati." Sikumwelewa. Kesho yake akaazima pipa la bluu kwa Neema, akalisugua kwa majivu, akalitega chini ya bati la nyumba, mbali na bafu lake. Maji ya kwanza ya vumbi akayamwaga. Yaliyofuata akayafunika kwa kanga mpya. Amenikataza kuligusa pipa. Anachota kwa kata moja tu, haiendi kwenye ndoo nyingine, na yeye mwenyewe hanywi humo hata tone. Anasema, "Mwambieni yule mkubwa kwamba mvua haijaogewa na mtu."

Hili ni kweli, na naliandika kwa moyo mmoja. Tata atakunywa mvua, atapikiwa kwa mvua, ataoga mvua. Pipa limejaa, na ameazima la pili. Aje upesi, kabla mvua za huku hazijakatika. Hazina subira kama za huko kwetu Kyela.

Mwanao,
Lugano

*

Mwaya,
23 Februari 2025

Lugano mwanangu,

Ugonile, na mkamwana ugonile.

Nilimsomea. Nilipofika kwenye mvua aliinua mkono nisimame. Hakusema nirudie. Alikaa kimya hata nikamaliza kuchambua mchele wote uliokuwa kwenye ungo. Halafu akaniambia nimtafutie shati jeupe.

Anakuja na Ambrose. Nimemwambia Ambrose amweke dirishani. Ambrose anasema haoni, dirisha la nini? Nikamwambia, upepo anauona. Anakuja na mkungu wa ndizi, usipa, na mchele wetu wenyewe maana anasema mchele ukishapanda lori unakuwa wa watu wengine. Mkungu huo msimwulize ni wa nani.

Usimpe pilipili. Asubuhi anapenda kukaa peke yake kwanza, usimsemeshe mpaka akohoe. Na wewe, mwanangu, nakupenda, lakini maneno yako yanatangulia miguu. Angalia.

Shangazi yako,
Tusajigwe

*

Mtaa wa Mabwawani,
18 Mei 2025

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua umekaa miezi bila barua, na najua Ambrose alikuletea salamu za mdomo tu, na salamu za mdomo kwako ni kama hakuna. Nilikuwa nashindwa niandike nini wakati jambo halijaisha. Sasa nakueleza lote.

Tata alifika mzima, vumbi hadi kope. Tuliishi vizuri kuliko nilivyotegemea. Kisa akiwa na chakula anaweka kwenye kigoda mlangoni kwa Tata, anagonga fremu kwa kata, anaondoka. Tata anakohoa, anachukua. Mkungu ulikutwa uani asubuhi, hakuna aliyeuliza. Atupele ndiye alikuwa anavuka pazia atakavyo, huku kwa babu, kule kwa mama, na Tata alikuwa anamwambia, "Mwambie aliyepika kwamba usipa umeiva," na mtoto hajui hata kusema mama.

Ubaya ulitoka hospitali. Bingwa alimpima akasema macho yote mawili yanafanyika, lakini presha iko juu, hawezi kumpasua mpaka ishuke. Tukaambiwa tarehe, ikasogezwa. Tukaambiwa nyingine, nayo ikasogezwa. Mvua za huku zikakatika kama nilivyoogopa. Pipa la pili likaisha. La kwanza likaanza kushuka, Kisa akawa anachota amelala kifudifudi kwenye ukingo.

Nilinunua maji ya chupa dukani. Tata akaipapasa chupa, akaniuliza yametoka wapi. Na mimi, mdomo wangu unaujua, nikamsomea karatasi yake yote mpaka mwisho, "yamefungwa hapa hapa mjini." Akanirudishia. Kisa alikuwa nyuma ya pazia, nikasikia akijipiga kofi la paji la uso.

Siku moja kata ilikwaruza chini ya pipa. Unajua kipofu anavyosikia. Tata alikuwa amekaa kitandani, akageuza shingo kule uani, akasikiliza ule mkwaruzo, akasema, "Lugano. Ambrose anarudi lini Kyela?"

Nikamwambia keshokutwa. Akasema, "Nitarudi naye." Nikamwambia, "Tata, tarehe ya kupasuliwa ni wiki ijayo, na presha imeshuka, bingwa amesema hawasogezi tena." Akasema, "Nimeona vya kutosha nilipokuwa kijana." Akaanza kukunja shati jeupe kwa kupapasa. Nilitoka nje nikasimama kwenye bafu la mabati kama mjinga, nikarudi.

Kisa alichukua ile kata ya pipa, akaiosha. Akaenda bombani. Nilimwona anafungua koki, nikataka kumzuia, akanitazama tu. Akajaza kikombe cha Tata. Akakiweka kwenye kigoda pale mlangoni, akagonga fremu kama kawaida. Ila safari hii hakuondoka. Alisimama nyuma ya pazia, nikaona vidole vyake vya miguu chini ya kitambaa.

Tata akakohoa. Akakishika kikombe. Akakinusa. Akasema, "Lugano, maji haya yametoka wapi?"

Shangazi, nilifungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari yamesimama kwenye ulimi, bomba, mabwawa, mchanga, utando. Neema alikuwa nje anaita vitumbua vya moto. Mara nikakumbuka kwamba Tata anajua. Pipa limekwaruza, koki ameisikia. Mtu huyu hakuniuliza kwa kutaka kujua.

Nikafunga mdomo.

Akangoja. Akasema, "Nimekuuliza."

Sikujibu.

"Hujui?"

Jasho linanitoka, Shangazi, tope halijanitoa jasho hivyo. Sikujibu.

Akasema, "Basi na mimi sijui." Akanywa. Hakuonja, alikunywa mpaka kikombe kikalala usoni. Akakipangusa ukingo kwa shati lile jeupe alilokuwa analikunja, akakirudisha kwenye kigoda, akashukuru kwa sauti kubwa kuelekea ukutani, "Aliyeyaleta, ndaga fijo."

Vile vidole vya miguu havikusogea kwa muda mrefu.

Ambrose aliondoka peke yake. Tata alipasuliwa Jumanne. Yupo hapa, anakula, anamfundisha Atupele kusimama. Atarudi na lori lijalo. Nakuomba jambo moja, akifika usimwulize habari za maji, wala wale wa mtoni wasimwulize. Na barua hii, tafadhali, isome kimya kimya.

Bandeji zilitolewa jana, hapa nyumbani, na nesi anayepita mitaani. Tata alikuwa kwenye kiti uani. Nesi akamaliza kuzungusha kitambaa, akamwambia, "Fungua taratibu, mzee." Akafungua. Aliona mkono wake kwanza, akauzungusha. Aliniona mimi, akasema nimekonda na nina sura ya mama yangu. Akamwona Atupele, akamshika mashavu. Na wakati huo huo Kisa, ambaye alidhani tuko bado chumbani, akatokea mlango wa uani na beseni la nguo kichwani, akasimama mbele yake kabisa, hana pa kukimbilia.

Tata akafumba macho. Aliyafumba kwa nguvu, na uso wote ukajikunja, na akayaacha yamefumbwa huku amegeukia ukuta. Nesi akashtuka, "Mzee, yanauma?" Akasema, "Hapana, mwanangu. Yanafanya kazi."

Kisa alipita. Jioni namkuta anaanika zile nguo, anatabasamu peke yake. Nikamwuliza kuna nini. Akasema, "Hukuona alivyonisalimia?"

Mwanao,
Lugano